Marehemu Aja Kutoa Ushahidi

Mlango wa mahakama ulifunguka, na marehemu akaingia.

Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akapiga chafya, akaomba radhi, akamkabidhi askari wa mlangoni begi lake la spana. Kwa mtu aliyekwisha kuzikwa, alikuwa na afya ya kuridhisha.

Wakili wa mdai alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mheshimiwa, huyu ndiye shahidi wetu. Ni fundi bomba. Yule ambaye, kwa mujibu wa wakili mwenzangu, yuko kaburini."

Watu waliguna. Bibi mmoja wa benchi la nyuma alijifunika uso kwa mtandio, akachungulia kwa jicho moja.

Msomaji uliyekuwa safarini wiki iliyopita, usihangaike kumgongea jirani. Mdaiwa wetu ni fundi makochi wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Najua, kwa sababu hajawahi kuambiwa jambo asilolijua. Mwambie nje mvua inanyesha, atakujibu "najua," naye ndiyo kwanza anaamka. Mjomba wake alipofariki, Najua alibaki na karakana waliyofanyia kazi pamoja, na vyumba viwili vya nyuma anamoishi na mkewe na watoto. Mtoto wa mjomba, binamu anayejiita Bosi ingawa hana hata mfanyakazi wa kumfokea, akafungua kesi: karakana ni urithi wangu, huyu alikuwa kibarua tu, afungashe virago.

Najua akasema hapana, mjomba alinipa kwa kinywa chake akiwa hai. Nani alisikia? Fundi bomba, aliyekuwa akitengeneza sinki siku hiyo. Yuko wapi huyo fundi?

Hapo ndipo Najua, ofisini kwa wakili wake, alipoinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya msiba: "Alishatangulia mbele ya haki."

Na kweli. Leo yuko mbele ya haki. Kasimama karibu kabisa na meza ya hakimu, anajifuta pua.

Wakili wa Najua, mwanamke kijana mwenye miwani minene, alimwamini mteja wake. Alimpa pole. Kikao kilichopita alisimama mbele ya hakimu akamtaja fundi bomba kuwa ni marehemu, tena kwa sauti ya chini, ya heshima.

Sasa hakimu alimtazama juu ya karatasi zake.

"Wakili, ungependa kurudia rambirambi zako, au tuendelee?"

Najua aliitazama sakafu kama mtu anayeiomba imhifadhi. Sakafu ilikataa. Akamtupia jicho mkewe, benchi la pili. Mkewe hakuwa ameshtuka. Alikuwa anajipepea kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari.

*Mama watoto hajaelewa*, Najua alijifariji. *Afadhali.*

"Mheshimiwa," wakili wake alisema, uso mkavu, "naomba nafasi fupi niongee na mteja wangu."

"Nakupa," hakimu akajibu. "Ningekuwa wewe, ningeomba ndefu."

*

Wakili alimvuta mpaka mwisho wa korido, nyuma ya kabati bovu la mafaili. Hakufoka. Aliongea kwa ile sauti ya chini ambayo Najua, kwa uzoefu wa ndoa, alijua ni mbaya kuliko kelele.

"Fundi. Nani alikufa?"

"Wakili, mimi nilisikia kwa watu kwamba..."

"Nani alikufa?"

"Hakuna."

"Ahsante. Nimesimama mbele ya hakimu nikamzika mtu mzima, na sasa amekuja kunisalimia. Unajua hilo linanifanya nionekane nani?"

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingenifanyia." Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Kwa nini ulinificha?"

Najua alikohoa. "Shemeji yangu alinishauri. Alisema wakili usimwambie kila kitu. Siku mkikosana atakuuza."

"Shemeji yako ni mwanasheria?"

"Hapana. Lakini aliwahi kufungwa."

"Basi ushauri wake ulimfikisha mbali. Na nani mwingine alijua kwamba fundi bomba yu hai?"

"Kinyozi wangu."

"Kinyozi!"

"Yule namwamini."

Wakili alicheka kicheko kisicho na raha hata chembe. "Shemeji anajua. Kinyozi anajua, na bila shaka na wanaonyolewa wanajua. Mimi ninayesimama kukusemea ndiye sijui. Sikiliza, fundi. Ukiniambia jambo, linabaki kwangu. Sheria imenifunga mdomo. Hata uwe umefanya la aibu namna gani, mimi sitaanguka kwa mshtuko. Kitakachoniangusha ni kulisikia kutoka kwa wakili wa upande wa pili, nimesimama, sina la kujibu. Umenielewa?"

"Naj..." Najua akajizuia. "Nimeelewa."

"Haya. Kwa nini ulimuua fundi bomba?"

Najua alikuna shingo, akaangalia viatu vyake, akaangalia viatu vya wakili, na mwisho maneno yakamtoka.

"Nilimposa dada yake."

"Wewe?"

"Zamani, kabla ya huyu niliyenaye. Posa ikakubaliwa, siku ikapangwa. Siku yenyewe ikafika..."

"Ikafika, ikawaje?"

"Sikwenda."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Nilituma ujumbe kwamba nimepata kazi ya makochi ya hoteli."

"Ulikuwa umepata?"

"Hapana, wakili. Niliogopa tu. Nilikuwa nimekwisha kuvaa na suti. Nilikaa kitandani na suti yangu mpaka giza likaingia." Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, sauti yake haikuwa na majivuno. "Halafu nikakutana na mama watoto. Nikamwambia sijawahi kumwahidi mwanamke mwingine ndoa. Sasa ningekwambia umtafute fundi bomba, angekuja hapa, angesema, mama watoto angesikia."

"Kwa hiyo ukaona heri afe."

"Niliona apumzike tu."

Wakili aliegemea ukuta. Kichwani alikuwa anapiga hesabu zake haraka haraka.

"Siku ile ya sinki. Fundi bomba alisikia maneno ya mjomba?"

"Alisikia vizuri kabisa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mjomba. Mimi hata salamu hakunipa. Mjomba alipomaliza kusema, yeye akatoa kichwa chini ya sinki, akanipongeza kwa shingo upande, akarudisha kichwa."

"Na anakuchukia."

"Kama ugonjwa."

"Sasa fikiri kabla hujajibu. Nikimuuliza, atasema uongo ili akukomoe?"

Najua alifikiri. Alifikiri kwelikweli, jambo ambalo si la kawaida yake, na mshipa ukamsimama kwenye paji la uso.

"Hapana," alisema mwishowe. "Yule hajui kudanganya. Kuna bwana mmoja alimwita amtengenezee bomba, yeye fundi akamwambia bomba ni zima, ila wewe huna akili ya kulifungua. Akabeba begi lake akaondoka bila hata ujira."

"Fundi, umeona ulivyonifanya?" Wakili alishika kichwa. "Mtu pekee anayeweza kukuokoa, ndiye uliyemzika!"

Kisha akampa maagizo, akihesabu kwa vidole kama mwalimu wa chekechea. Ukirudi ndani, funga mdomo. Usigune, usitikise kichwa, usimkodolee mtu macho. Na kabla ya kurudi, nenda kwa mkeo, umwambie wewe mwenyewe habari za yule dada, asije akazisikia kizimbani mbele ya watu.

"Sawa."

"Kuna kingine hujaniambia?"

"Hakuna."

"Fundi."

"Hakuna, wakili! Nimejikung'uta. Nimebaki mifupa."

Kulikuwa na kidogo kilichobaki. Lakini kilikuwa fanicha, na Najua aliamua, kwa ujuzi wake mpana, kwamba fanicha haihusiani na sheria.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Najua akaja, akasimama mbele yake, akarekebisha kola.

"Wakili anasemaje?" mkewe aliuliza.

"Anasema tunakwenda vizuri."

"Eti? Na yule marehemu?"

"Mambo ya kisheria, mama watoto. Ni marefu."

Mkewe alimtazama usoni, akangoja. Alingoja kiasi cha kutosha kwa mwanamume yeyote mwenye akili zake kusema alilonalo.

"Huna la kuniambia, baba watoto?"

Najua akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Una kiu?"

Akaenda akamletea maji. Hivyo ndivyo agizo la wakili lilivyotekelezwa.

*

Fundi bomba alipanda kizimbani, akaapa, akasimama wima kama bomba jipya.

"Uko hai?" wakili wa Bosi alianza kwa mbwembwe.

"Tangu nilipozaliwa."

"Unamfahamu mdaiwa?"

"Namfahamu."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mwongo."

Bosi alipiga paja kwa furaha. Najua akavuta pumzi aseme neno, wakili wake akamkanyaga mguu chini ya meza. Pumzi ikarudi ilikotoka.

"Wewe unaweza kumwamini?"

"Siwezi hata kumwazima bisibisi."

Wakili wa Bosi akainama mbele ya hakimu, akaketi, akajinyoosha. Kazi ilikuwa imekwisha. Hakuona haja ya kugusa habari za sinki, kwa kuwa mteja wake alikuwa amemhakikishia: nimeshaongea na fundi, huyo ni wetu. Ukweli ni kwamba Bosi alimpa fundi lifti, na njia nzima fundi akamtukana Najua, na Bosi akaridhika. Wateja ni walewale, msomaji, hata upande wa pili.

Wakili wa Najua akasimama.

"Fundi, kwanza naomba radhi. Nilikuita marehemu mbele za watu."

"Nilipata habari. Mke wangu alicheka sana."

"Unamchukia mteja wangu?"

"Sana."

Watu wakanong'ona. Najua akamgeukia wakili wake kwa macho ya mtu aliyeuzwa. *Shemeji alinionya!*

Lakini wakili hakutetereka. "Pamoja na kumchukia, nakuuliza chini ya kiapo. Siku ile ulipokuwa ukitengeneza sinki la karakana, mjomba alimwambia nini?"

Wakili wa Bosi aliinua kichwa ghafla. Akamtazama Bosi. Bosi akatazama dari.

Fundi bomba alijifuta pua kwanza. Karakana ya Najua, mashine zake za kushonea, vyumba viwili vya nyuma, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye ulimi wa mtu ambaye Najua mwenyewe alimkosea.

"Alimwambia hivi," fundi alisema. "Mpwa wangu, karakana hii ni yako kuanzia leo. Mwanangu hajawahi kushika hata nyundo."

Mahakama ikachemka.

"Una hakika ulisikia vizuri?"

"Mama, nilikuwa chini ya sinki, sikuwa chini ya ardhi."

Hata hakimu alificha mdomo kwa karatasi. Bosi akawa mwekundu wa macho. Wakili wake akamwinamia na kumzomea kwa mnong'ono uliosikika mpaka mlangoni: "Si uliniambia umeongea naye!"

"Niliongea naye!"

"Mliongea nini?"

"Alikuwa anamtukana! Nikaona yatosha!"

Najua alivimba kwa furaha mpaka vifungo vya koti vikalalamika. Tayari alikuwa anajiona kwa kinyozi, amekaa kitini, anaeleza jinsi alivyoipanga kesi mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Wakili wa Bosi hakuwa mtu wa kuzama bila kurusha mikono. Akasimama tena.

"Fundi, umesema unamchukia mdaiwa. Itaje sababu."

Wakili wa Najua angeweza kupinga. Alikuwa amekwisha kujiinua nusu kitini. Lakini kwanza alimwinamia mteja wake na kumuuliza kwa sauti ya kufa: "Mkeo umemwambia?"

Najua aliitikia kwa kichwa. Kwa utulivu kabisa. Kichwa kizito, cha mtu mkweli.

"Basi aseme, haina madhara," wakili akasema, akaketi.

Fundi bomba akashika ukingo wa kizimba. "Alimposa dada yangu. Siku ya harusi hakuja. Dada yangu alikaa na gauni lake, wageni wanakula, wanaondoka mmoja mmoja, wanamuaga kama aliyefiwa. Hilo nilimsamehe. Mtu anaweza kuogopa. Lakini alikuwa amemtengenezea makochi. Ya buluu. Kitambaa alikichagua dada yangu mwenyewe. Wiki iliyofuata, huyu bwana akaja na mkokoteni akayachukua. Nikaja kusikia amempa zawadi mwanamke mwingine."

Kitambaa cha benchi la pili kikaacha kupepea.

Mahakamani hapo palikuwa na watu wengi ambao hawakuyajua makochi hayo. Majirani waliyajua. Mke wa Najua aliyavisha vitambaa vya kufuma. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyakalia, hakuna mgeni aliyewekewa chai karibu nayo. Na kila aliyeingia sebuleni aliambiwa, atake asitake: haya alinishonea mimi, kabla hata hajanioa.

"Umesema umemwambia," wakili wa Najua alinong'ona, macho mbele.

"Nilimpa maji," Najua akanong'ona.

Mkewe akasimama. Alisimama polepole, akajinyoosha nguo, akakunja kitambaa chake na kukitia kwenye mkoba.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Mama, wewe si shahidi katika kesi hii," hakimu alisema, ingawa si kwa ukali. "Kaa."

"Nitakaa, Mheshimiwa. Ila si kwenye makochi yale."

Kicheko kikalipuka, hakimu akagonga meza. Kabla hakijatulia, bwana mmoja mwembamba wa benchi la nyuma akasimama naye. Kutwa nzima alikuwa amejikunyata pale na koti lake la kijivu, kila mtu akidhani anangojea kesi yake ya kugombana na mpangaji.

"Mheshimiwa, mimi ni wakili wa mama huyu. Tunaomba kuunganishwa katika shauri hili."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Kwa madai gani?"

"Kwamba karakana si ya mdai, wala si ya mdaiwa. Ni ya mteja wangu. Mjomba alimpa yeye, alipokuwa akimuuguza."

Najua alishika meza kwa mikono miwili. Wakili wake alimshika yeye.

"Mama watoto!" sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Wewe una wakili? Tangu lini?"

"Tangu nilipokuona unamdanganya wako," mkewe alijibu bila kumtazama.

"Kimya!" Hakimu akagonga tena, safari hii kwa kiganja kizima. Bosi alikuwa anacheka mpaka machozi, mpaka wakili wake alipomnong'oneza kwamba hata yeye amekwisha, ndipo kicheko kikamkwama kooni. "Wakili, hayo ni madai makubwa. Mjomba ni marehemu, na naomba Mungu huyo awe marehemu kweli. Mna shahidi?"

"Tunaye, Mheshimiwa," bwana wa koti la kijivu alisema. "Na hatutawachelewesha kumwita. Yuko kizimbani."

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja.

Fundi bomba alikuwa ameshatanguliza mguu mmoja chini, akifuata begi lake la spana. Akaurudisha.

"Fundi," hakimu alisema taratibu sana, "si umetuambia sasa hivi, chini ya kiapo, kwamba mjomba alimpa karakana mpwa wake?"

"Nimesema, Mheshimiwa. Na ni kweli."

"Sasa huyu mama naye anatoka wapi?"

Fundi bomba alimgeukia Najua. Alimtazama kwa kituo, kuanzia kola mpaka viatu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mahakamani, akatabasamu.

"Mheshimiwa, hapa nimeulizwa habari za siku ya sinki," alisema. "Hakuna aliyeniuliza mjomba alibadilisha nini siku ya pili."